Neno la Sita la Bwana Mwalimu

Mimi, Methusela, mwenye umri wa miaka kumi na minne (mzaha juu ya jina langu nimekwisha kuusikia, ahsante), nashuhudia kwamba siku ile shule nzima ilipokimbilia chakula cha mchana saa nne asubuhi, mimi nilikuwa katika kazi ya elimu.

Kisa kilianza na daftari la Bwana Mwalimu. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu, na kwa kuwa nchi ilikuwa ya Wajerumani, alifanya kila jambo kwa sauti ya chini. Alikuwa akiandika kamusi. Alikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye neno kupiga, akakwama hapo kama gari la ng'ombe mchangani.

"Mnapiga pasi," alituambia kwa huzuni. "Mnapiga magoti. Kule stesheni mnapiga simu. Ninyi watu hampumziki?"

Akaandika ubaoni maneno sita ya Kiingereza: hit, slap, knock, beat, strike, pat. Yote, alisema, ni kupiga, lakini hakuna mawili yanayopiga sawasawa. Atakayemwonyesha kwa vitendo tofauti ya kila moja atapewa ruhusa ya siku saba kwenda kwao wakati wa mavuno.

Wenzangu walipiga miluzi. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Kwetu ni Haneti, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Dodoma, ilipo shule, nami sikuwa nimefika nyumbani kwa miaka miwili. Watoto wa mbali hawakupewa likizo, kwa sababu walionitangulia walipewa wakasahau kurudi. Na mwezi uliopita Zaidi, Mrangi anayepitisha tumbaku kutoka Kondoa, alinipa habari.

"Mama yako ana mtoto mgongoni. Wa kike. Analia kuliko treni."

Nilicheka sana mbele ya Zaidi. Kisha nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa peke yangu juu ya kuni. Mdogo wangu alikuwa na miezi minane, wala hakujua kwamba nipo duniani.

Basi nilimchukua rafiki yangu Filipo awe mtu wa kupigwa, kwa mapatano kwamba sukari yangu ya Jumapili ni yake. Tulisimama mbele ya darasa.

Hit ilikuwa rahisi. Nilirusha gunzi la hindi likamfika Filipo kwenye paji la uso. Nilieleza kwamba hit haiulizi kama ulikusudia; inauliza kama kitu kimefika. Slap ni kiganja wazi, na mlio wake ni mkubwa kuliko maumivu.

"Si kweli," alisema Filipo, ameshika shavu.

Knock nilikwenda kuifanyia mlangoni, vidole vimekunjwa. Nilisema kwamba katika yote sita ni hii tu ambayo mpigaji husimama akangoja jibu. Bwana Mwalimu aliandika hayo upesi, masikio yanang'aa kwa furaha. Beat, nikaendelea, ni kupiga na kurudia, kama askari wa boma na kiboko chake, moja mpaka ishirini na tano. Bwana Mwalimu akatazama dirishani, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba tutumie mfano wa mkeka wenye vumbi.

Ikabaki strike na pat. Strike ni pigo la makusudi, lenye uzito, na bila chuma halieleweki vizuri. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini: mapigo matatu ya polepole ni sala, mapigo mengi ya haraka ni chakula. Nilipiga mara moja. Sikuridhika na usahihi wake. Nikarudia, na kurudia, kwa haraka kidogo, ili daftari lisije likapotosha watu.

Wavulana themanini walitoka na sahani. Mpishi naye akatoka na mwiko, akiuliza ni nani anayetaka kufa.

"Methusela," alisema Bwana Mwalimu vumbi lilipotulia. "Limebaki pat, lile pigo la upole. Ukilikosa hilo, ruhusa hakuna."

Nikaweka mkono juu ya mgongo wa Filipo na kupiga.

"Hiyo ni slap ndogo," alisema Bwana Mwalimu.

Nikapunguza.

"Hiyo ni knock."

"Ananibishia hodi, Bwana," alisema Filipo. "Mwambie sipo."

Darasa likacheka. Nikajaribu mara ya tatu, mkono ukabaki hewani. Ulijua kupiga kwa namna tano, lakini ya sita haukuijua. Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyenipiga hivyo mara ya mwisho, na katika miaka miwili sikumpata mtu. Wanaotupiga shuleni ni wengi na wana bidii. Wa kupiga hivyo, hakuna.

Nilikuwa na mzaha tayari, nikausema, ila sauti iliniharibikia njiani.

"Bwana, hilo hapa shuleni halipo. Liko Haneti. Nipe siku saba nikalilete."

Wenzangu walicheka tena. Bwana Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mkono wake mrefu akanigusa begani mara mbili, kama mtu anayepima tikiti kama limeiva.

"Hivi," alisema. Kisha akautazama mkono wake. "Hapana. Si hivi."

Akakaa, akaniandikia cheti cha kuwaonyesha askari njiani, kwamba mchukuzi wa barua hii anakwenda kwao kuleta neno.

Nilifika Haneti siku ya pili, jua likiwa nyuma yangu. Nilivaa kanzu nyeupe ya shule na kofia. Mama alikuwa uwanjani kando ya tembe, anapura uwele kwa fimbo, mtoto amelala juu ya ngozi kivulini. Aliponiona aliiacha fimbo.

"Mbukwenyi," alinisalimu kwa Kigogo, kwa sauti anayowawekea wageni. "Karani, mwenye nyumba hayupo, yuko malishoni."

Akaniletea kigoda. Mtu mwema angesema hapo hapo, mama, ni mimi. Lakini nilikaa, nikakohoa kama karani, na sauti yangu mpya, nzito, ikanisaidia.

"Nyumba hii ina watoto wangapi?"

"Wawili. Mmoja ndiye huyo. Mwingine yuko shule ya Wazungu, Dodoma."

"Jina lake?"

"Wao wanamwitaje sijui. Mimi namwita Matonya. Ana miguu kama ya korongo, na ni mwongo." Alifuta jasho kwa mkono. "Kama unapita huko, mwambie..." Akatazama uwele. "Basi. Usimwambie kitu. Atataka kutoroka, wamchape."

Nilikuwa nimebakiza maswali manne, yote mazuri. Sikumbuki hata moja.

"Mama," nilisema.

Alinikazia macho kwa muda mrefu. Kisha akaivua kofia yangu, akanipiga kofi. Ilikuwa slap, bila shaka yoyote. Halafu akacheka mpaka akainama, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Karani mzima! Shika basi mdogo wako, mimi nina kazi."

Akanipa mtoto, akarudi kwenye fimbo yake. Mtoto alinitazama, akafungua kinywa, nami nikajua kwamba Zaidi hakutia chumvi. Nilimlaza kifuani nikampiga mgongoni kwa uangalifu wote wa elimu yangu. Akazidi kulia.

"Unamgonga," alisema mama bila kugeuka.

Nikabadilisha.

"Sasa unamkung'uta. Mtoto ni mkeka?"

Akaiweka fimbo chini, akaja akasimama nyuma yangu. Akaweka kiganja mgongoni pangu, chini kidogo ya bega, akapiga polepole, akaacha, akapiga tena, na mkono haukuondoka wote.

"Hivi. Umeona?"

Nilifuatisha kwa mtoto, na kilio kikaanza kupungua.

"Sijaelewa," nilisema. "Hebu rudia."

Akarudia.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani kwa miaka miwili mfululizo. Mtoto alilala, kivuli cha tembe kikafika uwanjani, uwele ukabaki haujapurwa, nami nilikuwa bado sijaelewa.