Mikate Iliyofunikwa

Fortunée alikuwa na ugonjwa mmoja, na tusidanganyane, nusu ya mtaa wa Mangobo iliujua: hakuweza kuona mkate umetoka motoni akaupita bila kuupiga picha. Wasichana wa rika lake walipiga picha nyuso zao. Yeye kila Jumamosi alizunguka kwenye tanuri za mtaani, zile za matofali zinazokula kuni kwa sababu umeme wa bwawa la Tshopo hauna ahadi, akainama juu ya mikate kama daktari juu ya mgonjwa, akapiga, kisha akaweka Facebook. Ukurasa wake aliuita Mikate ya Boyoma, jina la utani la Kisangani. Watu elfu tatu waliufuata, wengine wako Kinshasa, wengine Ulaya, wote wamekumbuka nyumbani. Na wa kwanza kubonyeza j'aime, kile kidole cha kupenda, alikuwa siku zote mama yake, Mama Augustine, awe sokoni, awe kanisani.

Jumamosi hiyo alifika kwa Papa Sefu saa nne asubuhi. Papa Sefu ni mwokaji wa zamani, mtu wa msikiti, mpole, tanuri amelirithi kwa baba yake. Alimjua Fortunée kama mutoto wa picha, basi. Wa nani na anakaa wapi, hakuwahi kuuliza. Kwa kawaida alimwacha apige anachotaka. Lakini siku hiyo kando ya ukuta palikuwa na vikapu vinne vikubwa vimefunikwa shuka jeupe.

"Ile pale hapana piga," Papa Sefu alisema kabla hajaulizwa.

"Juu ya nini, papa?"

"Iko mikate ya matanga. Mutu amekufa, na wenye kilio bado hawajaambiwa. Waambiwe kwanza."

Hapo hakuhitaji maelezo. Mtoto gani wa Kisangani hajui mambo haya? Habari ya kifo haiachwi iingie nyumbani peke yake. Ndugu wa marehemu wanaitana pembeni, wanatafuta viti, turubai, kahawa, na mikate ya watu watakaokesha. Wakishajaa uani ndipo mkubwa wao anafungua mdomo. Mke na watoto ndio wa mwisho kujua, ili wakianguka pawe na mikono ya kuwadaka. Ndivyo inavyofanyika, kwa Wakristo na kwa Waislamu.

Fortunée akaitika vizuri, ndiyo papa, nimesikia papa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Papa Sefu alipozunguka nyuma kuchukua kuni, mkono ukamwasha. Akainua shuka upande mmoja. Mama yangu, mikate ile! Mirefu, imesimamishwa wima, ngozi yake rangi ya asali, imepasuka juu pale ulipopita wembe, na mvuke ulikuwa bado unatoka. Akajiambia mkate hauna jina, nani atajua ni wa kilio cha nani? Akapiga mara moja tu, akafunika, akaaga.

Barabarani, akisubiri pikipiki, akaiweka kwenye ukurasa. Na kwa vile mdomo wake haujui kukaa, akaandika chini yake: "Leo kwa Papa Sefu, mikate mizuri kuliko yote. Mwenye sherehe atualike."

Alikuwa ameshafika tanuri la pili, anazungumza na mwokaji, simu ilipotetemeka. Ni Glodi, anayesoma Kinshasa, mtoto wa Tonton Zacharie, mdogo wa baba yake. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. "Fortunée, toa ile picha. Sasa hivi. Soma karatasi."

Karatasi gani? Akaifungua picha, akaivuta ikawa kubwa. Katikati ya mikate palikuwa na kikaratasi kimechomekwa kwa kijiti, kwa mwandiko wa Papa Sefu: Matanga. Famille Ruphin Lokula. Parcelle 14, nyuma ya soko. Saa nane.

Ruphin Lokula ni baba yake. Parcelle 14 ni kwao.

Alisoma mara nne. Akatafuta Ruphin mwingine, soko jingine, akakosa. Baba aliondoka Jumanne kwa boti kwenda Barumbu kununua samaki wa moshi. Jana jioni waliongea kwa simu, akalalamika juu ya mbu, akauliza kama paka amezaa. Mtu anayeuliza habari za paka anakufaje? Fortunée akampigia Glodi, na Glodi alipopokea hakuweza kusema, alilia tu. Mwisho akasema ni moyo, alfajiri, watu wa boti ndio waliopiga simu. Tonton Zacharie na watu wa kanisa wangefika nyumbani kwa kina Fortunée saa nane.

"Kuwaambia mama yako na wewe, pamoja," Glodi alisema. "Pardon, Fortunée. Haikutakiwa ujue hivi."

Akakaa chini palepale kwenye unga. Mwokaji alimuuliza kitu, hakusikia. Hakulia. Alihisi baridi tu, na tanuri linawaka hatua mbili kutoka kwake. Halafu wazo la pili likaja, na hilo ndilo lililomwinua: mama. Mama mwenye tension, presha ya damu, ambaye daktari alisema asipewe habari ya ghafla hata kidogo, yuko nyumbani peke yake na simu mkononi.

Akaifuta picha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu hamsini na nane walikuwa wameshabonyeza kabla hajafuta. Majina yao yalikuwa bado kwenye taarifa za simu yake, akayapitia moja moja, mara tatu. La mama halikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ukurasa ule, mama hakubonyeza, na Fortunée akamshukuru Mungu kwa machozi. Labda megabaiti zimeisha. Sasa kazi ilikuwa moja, kufika nyumbani na kumlinda mama hadi saa nane. Kumlilia baba kungengoja.

Alimkuta jikoni, ameinama juu ya sufuria, simu iko mezani imelala kifudifudi.

"Umerudi mbio," mama alisema bila kugeuka. "Kaa. Kula."

"Mama, simu yako iko na megabaiti?"

"Ziliisha tangu jana."

Fortunée akashusha pumzi. Mama akamwekea lituma, ndizi za kupondwa, mlima mzima, na samaki juu. Alitaka kukataa, lakini tangu lini Fortunée anakataa lituma? Angeulizwa, na akiulizwa angepasuka. Akajikaza kisabuni, akala. Kila tonge akalisukuma kwa maji. Akabuni hadithi za tanuri ambazo hakufika, mwokaji aliyesahau chumvi, mbuzi aliyekula unga. Mama alicheka mahali pa kucheka. Mwenyewe hakula, alikaa mbele yake, na sahani ilipopungua akaongeza.

"Maliza, mutoto yangu. Maliza yote."

Mwiko ulimponyoka mama, akauokota. Fortunée akaona ni ile tension yake, akazidisha utani. Moyoni alijisifu kidogo kwamba anajua kuficha.

Saa nane lango likalia. Akaingia Tonton Zacharie, mdogo wa baba, kofia mkononi. Nyuma yake akina mama sita wa kanisa, na wanaume wanne na vikapu vilivyofunikwa shuka jeupe. Fortunée akasimama haraka nyuma ya mama yake, mikono wazi, tayari kumdaka.

"Bon," Tonton alisema, akakohoa. "Mama Fortunée, tukae kwanza."

Mama Augustine hakukaa. Aligeuka, akamzunguka binti yake, akamshika mabega yote mawili kwa nyuma, kwa nguvu kuliko mwanamke mgonjwa anavyoweza.

"Mimi niliona ile picha tangu asubuhi, Zacharie," alisema. "Mutoto alikuwa hajakula. Sasa amekula. Mwambie."