Mlima Nyuma ya Karatasi

Fundi cherehani aliingia zahanati kwa miguu yake mwenyewe, mkewe nyuma akimbebea koti. Mgongo ulimuuma tangu alfajiri, katikati ya mabega, na mkewe alikuwa amemkanda kwa mafuta ya moto asubuhi nzima. Mgongo wa fundi kuuma si habari. Anayeinamia cherehani miaka yote hulipwa huko.

Daktari wa zamu alikuwa mpwa wake, yatima wa dada yake, aliyelelewa na fundi na mkewe. Jasho la mjomba halikumpendeza: lilikuwa la baridi. Akamlaza, akambandika kifuani waya za kupima umeme wa moyo.

"Umenifunga waya kama redio mbovu," mjomba alisema. "Ukinasa stesheni yenye muziki, niambie."

"Tulia, mjomba. Ukicheka, mashine itachora kicheko."

Karatasi ikatoka. Daktari alitafuta mstari ulioinuka kama mlima, dalili ya mshipa wa moyo ulioziba. Hakuuona. Vipimo vya mbele ya kifua vilionyesha mistari iliyozama, mabonde matupu. Mwenye haraka angesema moyo umechoka tu.

Lakini alikulia chini ya meza ya mjomba, akiokota pini. Nguo usiisifu kabla hujaigeuza, mjomba alizoea kusema. Nje hujipamba, mshono husema kweli ndani. Akaipindua karatasi, juu ikawa chini, akaisoma kwa nyuma mbele ya mwanga wa dirisha. Mabonde yakawa milima: ugonjwa wa nyuma ya moyo, ukipimwa kwa mbele, huchorwa kinyume. Akahamishia waya mgongoni, nazo zikamwambia yaleyale: ukuta wa nyuma wa moyo ulikuwa unakufa, tena tangu alfajiri.

"Mbona unaipindua? Nimefeli?"

"Ni moyo, mjomba, si mgongo. Tafuna aspirini hii. Gari linakuja kukupeleka hospitali kubwa, wakauzibue mshipa."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Alimtazama mkewe, tabasamu likamshinda kulimaliza. "Mama watoto, gauni la yule bibi harusi limebaki pindo tu. Asije akaolewa na pini."

Gari lilikuja upesi, likaenda upesi. Fundi alikata roho njiani, mpwa wake akimkandamiza kifua hadi mikono ikafa ganzi.

Mjane alikaa kwenye benchi la hospitali kubwa, viganja vikinuka mafuta.

"Mimi ndiye niliyemkalisha nyumbani," alisema. "Nikikanda tu, nikikanda tu. Niambie kweli, mwanangu. Tungekuja alfajiri, angepona?"

Daktari alilijua jibu. Alikuwa ameliona kwenye karatasi ile, dirishani.

"Ulipokuwa unamkanda, alisemaje?"

"Alisema, hapohapo, usiondoe mkono."

"Basi hukukosea pa kushika, mama."



"Silo nililokuuliza," mjane alisema taratibu, akaificha mikono yake ndani ya koti la mumewe.