Nyota Alizomnyima

Jumanne, kabla ya saa sita mchana, Fundi alikuwa nyuma ya cherehani yake na pini tatu mdomoni wakati mleta vifurushi alipobisha hodi. Alizitema pini, akatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu, akapokea gauni la kijani aliloliagiza kutoka duka la mtandaoni la mdogo wake.

Aliligeuza ndani nje, kama alivyofanya kila wiki tangu mvua zianze. Pindo lilinyooka. Vifungo vilikazwa vizuri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakukuwa na uzi hata mmoja uliolegea. Roho ikamwuma. Alifungua simu, akabonyeza nyota moja kati ya tano, na chini yake akaandika: "Limefumuka siku ya kwanza." Kwenye duka hilo alijiita Mteja Mwaminifu.

Nyota nne alizomnyima mdogo wake zikadondoka kutoka darini. Zilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti, na vuguvugu kidogo. Moja iliingia kwenye kikombe chake cha chai. Aliiopoa kwa kijiko, akamalizia chai, akazitia zote kwenye debe chini ya meza ya kukatia, pamoja na za wiki zilizopita.

Jirani muuza mkaa, aliyekuja kurudisha pasi, alichungulia debe.

"Usiliweke karibu na mafuta ya taa," alisema, akaenda zake.

Mdogo wake alipofungua duka hilo, wa kwanza kumwendea alikuwa Fundi. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni: unapiga picha kwenye mwanga, unaandika vipimo, mteja anatia kikapuni, analipa, unamtumia. "Wewe shona tu, dada. Kuuza niachie mimi." Fundi alicheka. Kizuri chajiuza, alimjibu, kibaya chajitembeza. Na huyo mdogo mtu, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano, akaondoka akashona mwenyewe. Sasa nguo zake zilivaliwa hadi miji ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, na gauni zuri la Fundi lilikuwa bado linaning'inia dirishani, limepauka bega moja.

Angeandika tu maoni yake mabaya bila gharama, lakini duka halikumruhusu asiyenunua kutoa nyota. Basi akawa ananunua. Kabati lake lilikuwa halifungiki.

Jumamosi mdogo wake alikuja, amebeba mkasi mpya ndani ya boksi.

"Zawadi ya mteja bora," alisema. "Hakuna anayekufikia."

Fundi aliuangalia mkasi. "Ulijuaje ni mimi?"

"Kila agizo lina anwani, dada. Naiandika kwa mkono wangu kila wiki."

"Na bado ukanitumia?"

"Mteja ni mteja." Aliinama, akalivuta debe. "Kumbe zilikuwa zinakuja huku."

Alikaa sakafuni, akachota nyota kwa kiganja. Duka likishuka chini ya nyota tatu, alisema, wenye mtandao wanalificha, na limebakiza kidogo sana. "Futa yale maneno, dada. Halafu lete nguo zako tuziweke pamoja. Mkono wangu haufikii wako, na wewe unajua."

Maneno hayo Fundi alikuwa ameyangoja siku nyingi. Yalimfurahisha sana. Wivu haukupungua hata chembe, kwa sababu hata hayo mdogo wake aliyasema vizuri mno, kama mtu anayejua kuuza.

"Nitafuta," alisema.

Mdogo wake aliondoka na debe kichwani.

Siku mbili baadaye dukani kukatokea gauni jeupe lenye vifungo vya nyota kuanzia shingoni hadi pindoni. Lilikuwa moja tu. Fundi aliwaza mwanamke mwingine akilivaa, akalitia kikapuni kabla hajamaliza kusoma vipimo.

Lilifika Jumanne. Aliligeuza ndani nje. Kisha akalivaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa nguo yoyote ya dukani humo. Lilimkaa barabara, hata kwenye bega la kushoto, ambalo tangu utotoni limeshuka kidogo kuliko la kulia. Kasoro hiyo haikuandikwa kwenye vipimo vya duka lolote. Vifungo vilimpasha joto kifuani.

Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Kisha akaweka beseni mahali nyota zinapodondokea, akachukua simu, akabonyeza moja.

Zilianguka nne, zote ndani ya beseni. Jioni alilitafuta duka ili aone kuna nini kipya. Mtandao ulimjibu kwamba hakuna duka la jina hilo.

Jumanne iliyofuata alizitema pini mapema, akakaa akiwa amevaa gauni lake, akangoja hodi. Saa sita ilipita. Akazirudisha pini mdomoni.