Sentimita Tano za Daktari

Saa mbili kamili asubuhi mpimaji alimvua viatu mtoto wa kwanza, akamwegemeza visigino ukutani, akateremsha kibao cha kupimia mpaka utosini. Sentimita mia na nne. Akaandika mia na tisa, kama daktari alivyoagiza. Kibao kikachomoka kwenye reli yake, kikamvunja mpimaji kidole kidogo, kikarudi mahali pake.

Alifunga kidole bandeji, akamwita mtoto wa pili.

Utafiti ulikuwa na watoto arobaini waliodumaa. Kila jioni walinyweshwa dawa ya maji inayozuia serotonini, kemikali ya mwilini inayotuliza njaa. Daktari aliamini itawafungulia hamu ya kula, na mifupa itafuata. Hamu ilifunguka kweli. Watoto walikula kama mchwa, wakasinzia, wakanona mashavu, na kimo kikabaki palepale. Mwaka ulikuwa umekwisha na ripoti ilishaandikwa. Zilikosekana namba tu za kuisindikiza.

Kufikia saa nne vidole vinne vya mpimaji vilikuwa vimekwenda. Aliitwa seremala, akajaribu kukipigilia kibao misumari, kikamng'oa meno mawili. Alitema damu kwenye ndoo, akasema kibao hakina tatizo, tatizo mnalijua wenyewe, akakusanya vifaa vyake. Daktari akapanga zamu ya kuandika. Makarani walinung'unika kwamba zamu haina haki, wa masjala wamepewa watoto wengi kuliko wa stoo. Kwa kibao chenyewe hawakuwa na neno.

Wa mwisho alikuwa binti wa mpimaji mwenyewe, miaka kumi na mmoja na kimo cha mtoto wa miaka sita. Hospitali kubwa ilikuwa na sindano za homoni kwa watoto ambao dawa ya maji haikuwarefusha, ila zilitaka kuwahiwa, maana mifupa ikishafunga ndiyo basi tena. Mama yake alichukua kalamu kwa vidole vilivyobaki, akaandika ukweli: mia na kumi. Kibao kikatulia tuli.

Daktari akaikata, akaandika mia na kumi na tano. Kibao kikamvunja mkono. Akahamishia kalamu kushoto, akaikoleza ile tano isomeke. Kikamtegua taya. Akapiga muhuri.

"Daktari, mwanangu hajaongezeka hata ukucha," mpimaji alisema. "Karatasi hiyo itamnyima sindano."

"Mama, akianguka mmoja, ripoti yote chini," daktari alijibu kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi. "Endeleeni na dawa."

Hospitali kubwa ilijibu baada ya wiki mbili: mtoto anarefuka vizuri, sindano apewe mwingine. Mpimaji aliisoma barua mara tatu, akalia hapohapo dirishani watu wakipita.

Mwezi uliofuata binti alijisimamisha mwenyewe ukutani, shingo ameivuta mpaka mishipa imetoka. Kibao kilishuka. Mia na kumi.

"Mama, nimefika ngapi?"

Mpimaji alitandaza mkono mezani, ule ulioanza kupona.

"Mia na kumi na saba, mwanangu."

Mtoto alikuwa bado anacheka mfupa wa mama ulipovunjika.