Mimba ya Marita Getini

Stumai hakumwamini mtu yeyote mwenye tumbo. Kazi ya mgambo pale geti la Tunduma ndiyo iliyomfundisha hivyo, na aliyemfundisha vizuri kuliko wote ni Marita, binti wa Ndalambo, yule mwenye mdomo.

Miaka ile sabuni iliadimika nchi nzima. Kina mama walivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wakisema wanakwenda kusalimia ndugu, wakarudi wajawazito. Siku moja Marita naye akarudi na tumbo lake, kashika kiuno, anapumua kwa shida. Stumai akampisha, akamwambia pole mdogo wangu. Hajafika mbali, mche wa sabuni ukaponyoka chini ya kitenge, ukatua vumbini watu wote wanaona. Mwingine angetimua mbio. Marita aliuokota, akaupangusa vumbi, akaupakata, kisha akamkonyeza Stumai.

"Bado mmoja," akasema.

Foleni nzima ya malori ikaangua kicheko. Stumai naye akacheka, na hapo ndipo alipojiponza, maana alipomaliza kufuta machozi Marita alishatokomea sokoni na sabuni zake. Mkuu wa geti, Bwana Damiano, alimfokea mbele ya wenzake: akidanganywa tena na tumbo la mtu, avue sare arudi kwao Pangani.

Ubaya ni kwamba kwenye foleni ile walikuwamo wapiga picha wa televisheni kutoka Lusaka. Haukupita muda wakatuma mtu kumtafuta Marita akaigize kwao. Tunduma hapakuwa na televisheni, Tanzania Bara nzima haikuwapo, lakini madereva walileta habari: Marita anawavunja mbavu Wazambia, anavaa tumbo la sabuni, na kuna mgambo mjinga humo anayesema "pole mdogo wangu". Stumai hakuiona picha hiyo hata mara moja, ila aliijua yote. Dereva akifika getini, kabla hajaulizwa karatasi, anashika kitambi chake na kusema bado mmoja. Jamani, mambo gani haya? Mtu anakula kwa aibu yako, halafu wewe ndiye unayemfungulia geti.

Kwa hiyo Marita aliposhuka kwenye lori, katikati ya ule msako wa walanguzi wa mwaka themanini na tatu, tumbo limemtangulia, Stumai alihisi damu inampanda kichwani. Marita alimwamkia kwa adabu. Akaeleza kwamba anakwenda kujifungulia kwa mama yake, ni mimba ya kwanza, na barabara imemuumiza sana. Alisema yote bila kukonyeza, na hilo ndilo lililomtia Stumai shaka zaidi. Huyu si bure, alijiambia, kule Lusaka wamemfundisha kukausha uso.

Halafu tumbo lenyewe. Tumbo gani la mtoto linakuwa kubwa hivyo? Akampeleka chumba cha ukaguzi na kufunga mlango. Nje watu walianza kujazana, wakijua leo wanaona bure kile ambacho wenzao wanakiona kwenye televisheni. Marita akapiga ukunga. Nje wakapiga makofi.

Stumai alimbonyeza tumbo kwa kidole. Gumu. Sabuni hiyo, akasema moyoni. Mara maji yakatiririka sakafuni, naye akainama, akachovya kidole na kunusa, akiwa na hakika ni mafuta ya kula ya Nakonde. Hayakuwa mafuta. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Alinawa kwa sabuni ya magendo iliyokamatwa asubuhi, akatandika magunia matupu, na juu ya magunia hayo akazaliwa mtoto wa kike, kilio chake kikimezwa na makofi ya nje. Kitovu alikifunga kwa uzi na kukikata kwa wembe mpya, navyo vya magendo. Akafungua kinywa kumwomba Marita radhi. Ndipo Marita akamshika mkono.

"Dada Stumai, bado mmoja."

Stumai akanyanyuka kwa hasira. "Marita, hata leo?"

Alijiona kwenye televisheni ya Lusaka, na mtoto mchanga mikononi, akichekwa upya. Aliujua mlango ulipo; akitoka sasa hivi, sare yake itabaki mwilini. Lakini Marita hakukonyeza. Alikuwa analia kimyakimya, kauma ncha ya kitenge. Stumai akaweka kiganja kizima juu ya lile tumbo, na kisigino kidogo kikampiga kutoka ndani.

Akafungua mlango nusu, akatoa kichwa. Bwana Damiano alikuwa mbele kabisa, na umati nyuma yake.

"Mzee, tafuta gari, na muuguzi aje haraka," Stumai alisema. "Bado mmoja."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Damiano alicheka kuliko wote, akamwambia na yeye aende Lusaka akalipwe. Stumai akarudia, akaapa kwa Mungu, wakazidi kucheka. Hakuna aliyenyanyua mguu. Aliwatazama wale watu, akafunga mlango, akakunja mikono ya shati.

"Tumebaki sisi wawili," alimwambia Marita. "Sukuma, mdogo wangu."

Nje walikuwa bado wanacheka pale mtoto wa pili alipolia. Kicheko kikakatika. Baada ya kitambo Bwana Damiano akagonga mlango taratibu, akauliza kwa sauti ya chini kama wamekwisha.

Stumai na Marita wakatazamana. Safari hii Marita akakonyeza.