Neon Isiyo ya Buluu

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ketsia alikuwa ameumwa. Mwaka aliofungua saluni yake Mount Druitt, huko ughaibuni, mtu alimuuzia nywele akidai ni za binadamu. Zilipoguswa na pasi ya moto ziliyeyuka kama nailoni. Tangu hapo alimtazama kila fundi kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo Mwiti, Mmeru aliyekunja mirija ya kioo katika karakana ya mabango ya taa huko Smithfield, alipomwambia kwamba bango la buluu alilotaka atalitengeneza, ila halitakuwa neon, Ketsia alihisi mtego. Si alikubali kazi ya neon wiki iliyopita? Mbona sasa anageuza maneno?

"Neon halisi huwaka nyekundu tu, Mama Ikirezi," Mwiti alisema. "Buluu ni gesi nyingine. Watu huziita zote neon, lakini mimi sitakudanganya."

"Kaka Mwiti, kwetu Bukavu neon iko ile taa nyeupe ndefu ya darini. Wewe unasema nyekundu. Mimi niamini nini?"

Mwiti akamweleza kwamba jina hilo ni la Kigiriki, maana yake "mpya". Gesi yenyewe iligunduliwa London zaidi ya miaka mia iliyopita. Mtoto wa mgunduzi, wa miaka kumi na mitatu, alitaka iitwe "mpya" kwa Kilatini, baba akapendelea Kigiriki. Ketsia alisikiliza huku akijiambia kuwa tapeli mwenye hadithi tamu ndiye mbaya kuliko wote.

Jumapili, baada ya ibada, aliwaonya wanawake wenzake wajihadhari na Mwiti. Chibalonza, aliyekuwa ampe Mwiti kazi ya bango la duka lake la vitenge, akaghairi palepale.

Nyumbani Ketsia alimtuma binti yake, Ikirezi, atafute kwenye simu. Ikirezi akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, kwamba yote ni kweli: Kigiriki, mtoto, wekundu. Hata ile taa ya Bukavu hung'aa kwa mvuke wa zebaki, si kwa neon. Ketsia alimwomba asome tena, polepole.

Kesho yake alikwenda Smithfield. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mwiti hakugomba. Aliunganisha mrija mmoja usio na rangi, ukaonekana mtupu kabisa, kisha akawasha, ukawa mwekundu kama kaa la moto.

"Hii ndiyo," alisema.

Ketsia akaomba radhi. Mwiti akasema amesamehe, ila kazi ya Chibalonza imeshakwenda kwa fundi mwingine, na bosi anamuuliza amemfanyia nini mteja yule.

Jumapili iliyofuata Ketsia alisimama mbele ya wanawake walewale akakiri kwamba amemsingizia mtu mwaminifu. Chibalonza akamuuliza, wote wakisikia, kwa nini hakuchunguza kabla ya kusema.

Bango la buluu lilikamilika mwezi uliofuata. Mwiti alikuja kulifunga mwenyewe, akalijaribu mara mbili, akakataa chai kwa heshima, akaenda zake.