Wateja wa Urgent

"Hakijakatwa kwa sababu ni cha Urgent!" Mama Pima alifoka, kidole kikielekea rafu ya juu. "Nikuimbie ndiyo uelewe?"

"Mama, kama ni cha Urgent ndicho kingekatwa cha kwanza!" Binti yake alikuwa amesimama juu ya kigoda, amekumbatia kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri kwenye nailoni. "Mkunga amepiga simu sasa hivi. Anaapishwa leo saa nane. Anapita saa saba kuchukua gauni lake la sare, na gauni lenyewe ni hili! Halijaonja hata mkasi!"

"Kwani nimekataa kumshonea? Nilikuwa nangoja siku tulivu."

"Siku tulivu?"

"Mtu wa Urgent hashonewi kwenye kelele."

Kwenye cherehani ya pili, wifi yake Mama Pima alipunguza mwendo wa kanyagio ili asipitwe na neno. Tangu binti arudi kutoka chuoni juzi, kiwanda kilikuwa kimechangamka. "Endeleeni," alisema. "Mimi nashona tu, sisikii kitu."

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama Pima hakuwa mvivu wala mbabaishaji. Jina lenyewe alilipata kwa kupima kila kitu mara mbili, hata vitambaa vya kufutia meza. Alikuwa na utaratibu wake wa miaka sita, na wifi aliufuata kama amri ya serikali. Kitambaa cha mteja wa kawaida kilibandikwa karatasi ya jina, kikawekwa rafu ya chini, na siku ya tatu mwenyewe akaondoka na nguo yake. Lakini mteja mwenye hadhi, awe mwalimu mkuu, daktari au mama mkwe wa mtu, karatasi yake iliandikwa Urgent kwa wino mwekundu. Kitambaa chake kilifungwa nailoni kisipate vumbi, kikapandishwa juu. Huko kilimngoja Mama Pima mwenyewe. Hakuna mkasi mwingine ulioruhusiwa kukigusa, naye hakukigusa mpaka kiwanda kitulie. Na kiwanda chenye wifi ndani hakitulii kirahisi.

Neno alilipata kwa mwanasheria. Bwana huyo aliingia siku moja, akasalimia kwa adabu, akaweka mezani kitambaa cha bei mbaya, na juu yake karatasi yenye neno hilo. Mama Pima alilitazama neno, akamtazama mwenyewe alivyonyooka, akajumlisha: hiki ni cheo. Suti aliishona kwa wiki tatu, mshono kwa mshono. Mwanasheria alipokuja kuichukua hakuwa na neno, maana safari aliyoishonea suti hiyo ilikuwa imeahirishwa. Akaisifu, akaenda zake. Kuuliza maana, Mama Pima hakuuliza. Fundi mwenye kiwanda chake ataanzaje kuuliza mteja amaanisha nini?

Tena wateja walilipenda! Ukiliandika mbele ya macho yao, uso unang'aa: "Asante sana, fundi!" Angejuaje kama kuna tatizo?

"Mama," binti alisema, sasa kwa sauti ya chini, akishuka kwenye kigoda. "Unajua Urgent maana yake nini?"

Mama Pima alivua futi kamba shingoni, akaikunja, akaikunjua. Kusema "najua" kulikuwa rahisi. Lakini kitambaa kilikuwa cha yule msichana aliyemshika wifi mkono tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mapacha wakatoka salama, naye wakati huo alikuwa mwanafunzi tu. Ndiyo maana alimwandikia kwa herufi kubwa kuliko wote.

"Si mheshimiwa?" alisema.

"Ni haraka, mama. Jambo lisilongoja. Ukiliandika, unamwambia mtu kwamba utamshughulikia kabla ya wengine."

Wifi aliondoa mguu kabisa kwenye kanyagio.

"Mwalimu mkuu," Mama Pima alisema polepole. "Suti yake iko juu mwezi wa nne huu. Lakini hajawahi kulalamika. Kila Ijumaa anapita kunisalimia."

"Hapiti kukusalimia, mama."

Wifi alianza kwa kukoroma puani, kisha kicheko kikamzidi nguvu, akateleza kitini na kuangukia gunia la vipande. "Na sisi tunampa soda!" alilia. "Kila Ijumaa! Mtu kaja kudai suti, tunamjaza gesi! Wifi yangu, tumewaheshimu watu mpaka wamekoma!"

Mama Pima alijikaza akashindwa. Alicheka hadi akashikilia meza ya kukatia, machozi yakimtoka. Kisha akajifuta kwa kiganja, akanyoosha mgongo.

"Leta hicho kitambaa. Wifi, amka huko, mikono utashona wewe."

"Mimi? Nimguse mtu wa Urgent?"

"Una vidole au huna?"

"Basi tuwashushe wote kumi," wifi alisema, akijikung'uta vipande vya nguo. "Tuwaandikie upya, kila mtu Urgent!"

"Shangazi, wote wakiwa Urgent, utaanza na nani?" binti aliuliza, huku akiwasha pasi.

"Tunaanza na huyu," Mama Pima alikata maneno. "Kesho mwalimu mkuu. Waliobaki, foleni kama binadamu."

Alipima mara mbili, kwa sababu mazoea yana taabu, lakini mkasi ulipoingia haukusimama. Cherehani mbili zikaunguruma pamoja, na binti akapiga pasi kila mshono ulipotoka, akirushiwa nguo kama mpira. Hakuna aliyenyamaza, na gauni halikudhurika.

Saa saba mkunga aliingia, akalikuta gauni bado liko chini ya sindano. Uso ukamshuka.

"Fundi, si uliniandikia Urgent?"

"Niliandika. Nilikuwa sijui maana yake, nikadhani nakupa heshima. Kosa langu. Vua viatu usimame hapa."

Mkunga alimtazama, akamtazama wifi aliyekuwa amejiziba mdomo kwa pindo la gauni, akacheka kwanza ndipo akavua viatu.

Saa nane kasoro robo gauni lilikuwa mwilini, limemkaa kama amezaliwa nalo. Lilibaki jambo moja: vifungo vinane vya mgongoni. Matundu yalikuwa tayari, vifungo bado.

"Pini zitashika, mama," binti alisema. "Mwache aende, ukumbi ni mtaa wa pili tu."

"Aape mbele za watu na pini mgongoni? Apumue kwa nguvu zimrukie mwenzake?" Mama Pima alikwisha tia uzi kwenye sindano. "Tutashona njiani. Funga mlango."

Wakatoka. Mkunga alitangulia, akijitahidi asicheke, maana kila akicheka mgongo unacheza. Mama Pima alimfuata nyuma, vifungo kiganjani, pini midomoni. Binti alibeba viatu, na wifi akawafukuza watu njiani kama askari wa msafara. Kifungo cha kwanza kilishonwa mbele ya duka la dawa. Cha tatu walikishona wakingoja magari yapite. Cha sita kilikuwa getini, ambako mlinzi aliwanyooshea mkono.

"Mama, nyie wengine mnaenda wapi?"

"Urgent, baba," Mama Pima alisema kupitia pini. "Pisha."

Alipisha.

Wakunga wapya walikwisha jipanga mstari mlangoni, na mstari ukaanza kusogea. Mama Pima akasogea nao, hatua kwa hatua kama mwapishwa mwenzao, akamaliza cha saba, akaweka cha nane, akakaza. Binti aliviweka viatu chini, mkunga akavitumbukiza miguu bila kuinama. Pale kizingitini akaukata uzi kwa meno, akachomoa pini ya mwisho, akamsukuma mkunga mgongoni.

"Ingia."